Kidole Gumba cha Zawadi

Vijana wa kambi ya ngumi mmenisumbua tangu siku niliyoaga. Kila asubuhi simu inalia: mwalimu andika, mwalimu tuachie chochote. Haya bwana, naandika. Ila msitegemee kukuta humu habari za vyeo na mishahara. Mshahara wa mfunga mikono mnaujua wenyewe, tusitoneshane vidonda. Vyeo nilipata vichache, na kimoja sikustahili. Hicho nitakitaja nikifika mahali pake. Nitaandika kazi, na nitaandika wivu, maana kwangu mie vitu hivi viwili viliishi chumba kimoja.

Kwa asiyenijua, mie ni Rashidi Chilumba, wa Tandika, Temeke. Kazi yangu ilikuwa kuwafunga mabondia bandeji mikononi kabla hawajavaa glovu. Watu husikia hivyo wakacheka. Mke wangu, mwaka wa kwanza wa ndoa, aliwaambia ndugu zake wa Newala kwamba mumewe anafanya kazi hospitali. Sikumsahihisha.

Nilikuja Dar kuchonga vinyago kwa mjomba. Kibanda chetu kilipakana na ukumbi wa ngumi, na siku moja nikatumwa kupeleka kigoda kilichoagizwa na mzee mmoja wa pale, Mzee Kaombwe. Nilimkuta amekaa mbele ya jitu moja kubwa, anamzungushia kitambaa mkononi. Akaniambia bila kuniangalia, "Hebu shika hapa." Nikashika. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Mjomba alinisubiri mpaka jioni na kigoda hakikulipiwa.

Mzee Kaombwe alikuwa fundi cherehani mchana, mfunga mikono kuanzia alasiri. Alinifundisha kitambaa kabla ya kunifundisha mkono. Bandeji inafuliwa kwa sabuni ya mche, haipigwi pasi, na inakunjwa ikiwa na unyevu kidogo ili ikumbuke umbo la mduara. Ukiikunja ikiwa kavu kabisa inakutoka mkononi na kutambaa sakafuni, bondia anacheka, na bondia akicheka kabla ya pambano akili imeshamtoka. Alinifundisha pia kusoma mkono: kushika kila kifundo kwa vidole viwili, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka ujue mfupa upi uliwahi kuumia. Kwa mtu aliyetoka kuchonga mpingo hilo halikuwa gumu. Mti nao una mahali unapokataa.

Wiki yangu ya pili nilimkaza bondia mmoja mpaka vidole vikawa vya bluu. Mzee hakunifokea. Alimfungua yule kijana, kisha akanifunga mie mikono yote miwili, vilevile nilivyomfunga mwenzangu, akaniambia, "Nenda kwa mama ntilie kale ugali." Nilikula ugali kwa mbinde, mama ntilie anauliza kama nimeungua moto. Sikurudia kosa lile mpaka nastaafu.

Kuna desturi moja aliyonirithisha, na ndiyo itakayobeba habari yote hii, kwa hiyo isomeni vizuri. Bondia akiitwa timu ya taifa, mfunga mikono wa klabu anakwenda naye kambini siku ya kwanza. Anamfunga mara ya mwisho mbele ya kocha wa taifa, polepole, na anasema kwa sauti kila anachokijua: kifundo hiki kiliteguka, hapa anataka mizunguko minne, hapa ukikaza analegea. Kocha anasikiliza, anarudia. Sie tunaita kukabidhi mikono. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Mzee Kaombwe alikuwa akisema mtu anayekabidhi nusu bora asikabidhi kabisa.

Basi, Mzee akafariki, ukumbi ukabaki kwangu. Niliufungua kila siku saa tisa alasiri, nikafagia mwenyewe, nikashona mabegi ya mazoezi mwenyewe. Katika miaka hiyo ndipo nilipomfahamu Festo.

Festo alikuwa mwalimu wa ngumi wa Kinondoni, klabu yao ilikuwa Mwananyamala. Mtoto wa mwalimu wa shule kutoka bara, mrefu, msafi, anaongea taratibu kama anasoma taarifa ya habari. Alishakwenda kozi nje mara mbili. Mie kozi yangu ilikuwa ugali ule. Alikuwa na filimbi ya chuma na tracksuti isiyopauka. Nilijiuliza anaifulia nini. Akiingia kwenye kikao cha makocha watu wanasogea kumpisha, nikiingia mie wananiuliza kama nimeleta ndoo. Hakuwahi kunikosea. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikukosea unapata pa kushikia; Festo alikuwa ananiita "kaka Rashidi" mbele ya watu na nyuma ya watu, na mie roho inaniuma bila sababu ya kumwambia mtu.

Alipoteuliwa kocha wa timu ya taifa nilimpigia simu kumpongeza. Nilimaliza ile simu nikaenda kuosha mdomo.

Zawadi alikuja ukumbini akitokea Gongo la Mboto, akiwa binti wa miaka kumi na saba. Baba yake mdogo alikuwa na mashine ya matofali na yeye ndiye aliyekuwa anapakia. Alisimama mlangoni na vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nataka kupiga watu kwa utaratibu," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Mie nikamwambia anyooshe mikono. Nilifumba macho nikaisoma. Vifundo vizito, viganja vigumu kama vya seremala, kila kitu sawasawa mpaka nilipofika kidole gumba cha kushoto. Pale kwenye shina la kidole mfupa ulisogea chini ya vidole vyangu, kidogo tu.

"Hapa pana nini?"

"Tofali liliniangukia zamani. Kimepona."

Hakikuwa kimepona. Lakini alipopiga begi kwa kushoto, ngumi ile ya pembeni inayokuja kwa kuzunguka, begi lilijikunja na mnyororo ukalia juu. Miaka yote ile sikuwahi kusikia mnyororo ule ukilia kwa ngumi ya mwanamke, na hata wanaume walioweza ni wachache. Nikajua nimepata.

Nilihangaika na kidole kile miezi mitatu. Nilijaribu kumfunga kila namna mpaka nikapata: mkono usikunjuliwe wote kama kawaida, bali ashike kana kwamba ana kikombe cha chai, halafu kitambaa kipite nyuma ya kidole gumba mara mbili kabla hakijashuka kwenye kifundo cha mkono. Kabla, siyo baada. Ukimfunga baada, kila kitu kinaonekana sawa kwa macho, mkaguzi anagonga muhuri wake kwenye bandeji, lakini kidole kinabaki kinaelea ndani ya glovu. Nilipomfunga hivyo angeweza kupiga ukuta.

Sikumwambia. Nilimwambia umepona, piga. Bondia akijua mkono mmoja una kasoro haurushi kwa moyo wote, na mkono wa kushoto ndio uliokuwa riziki yake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni ya kweli. Lakini kulikuwa na nyingine. Katika ukumbi wangu niliweka sheria kwamba bondia hatazami mikono yake inapofungwa. Anatazama mbele, anatuliza akili. Zawadi aliishika sheria hiyo kuliko wote. Miaka saba nilimfunga na hakuwahi kutazama. Nilipenda hivyo. Nilipenda kwamba akitoka kwangu hawezi kumweleza mtu mwingine ninachomfanyia.

Sasa mjue nilivyokuwa siku barua ilipokuja kwamba Zawadi ameitwa timu ya taifa, kwa ajili ya michezo mikubwa ya bara, ile inayokusanya riadha, kuogelea, judo, mpira wa wavu na ngumi nchi zote pamoja. Tandika kulichezwa singeli mpaka masikio yakauma. Mama yake alilia akapiga vigelegele kwa zamu. Nami nilicheka na kila mtu, nikapigwa picha. Barua ilisema kocha ni Festo, na msaidizi wake Festo angemchagua mwenyewe. Akamchagua kijana wa Mwananyamala.

Kwa haki kabisa, alinipigia kunieleza. "Kaka Rashidi, nafasi ni moja tu na wanataka mwenye cheti. Nimekupigania, imeshindikana."

"Usijali ndugu yangu," nikasema. "Muhimu ni mtoto."

Mwongo mie! Muhimu nilikuwa mie.

Siku ya kukabidhi mikono nilikwenda naye kambini. Festo aliweka benchi, akasogea karibu ili aone. Nilianza na mkono wa kulia, nikasema yote, akarudia yote, neno kwa neno, huku anaandika kwa kalamu yake. Nilipofika wa kushoto nilijigeuza kidogo, mgongo wangu ukawa upande wake. Nilifunga haraka. Zawadi alikuwa anatazama mbele kama nilivyomfundisha.

"Na huu?" Festo akauliza.

"Huu hauna neno," nikasema. "Kawaida."

Akaandika. Nikarudi Temeke.

Msinielewe vibaya, sikutaka aumie. Nilitaka wamhitaji mtu. Niliwaza kwamba mazoezini mkono utawasumbua, Festo atakwama na vyeti vyake, halafu ataniita, na safari hii atalazimika kuniombea nafasi mezani kwa wakubwa. Ndivyo hesabu yangu yote ilivyokuwa. Lakini kambini walikuwa wanatumia glovu kubwa za mazoezi zenye sponji nene, kidole kikakaa kimya, wakapanda ndege hakuna aliyeniita.

Michezo ilipoanza tuliifuatilia kwenye banda la video la jirani yangu Mwinyi, pale karibu na soko. Mwinyi aliandika matokeo ya timu yetu kwa chaki kwenye ubao aliokuwa akiandikia mechi za Ulaya. Siku ya kwanza: kuogelea, nje. Judo, nje. Riadha ya mbio fupi, nje. Siku iliyofuata mkimbiaji wetu wa mbio ndefu akamaliza wa nne, banda zima likashika kichwa. Mpira wa wavu tulifungwa na watu tuliodhani tutawafunga. Kila siku Mwinyi anafuta na kuandika, na kila siku neno ni lilelile, mpaka wateja wakaanza kumlaumu yeye na chaki yake.

Ndipo Zawadi akapanda ulingoni, akashinda pambano la kwanza. Akashinda robo fainali. Na mnajua ngumi: ukifika nusu fainali, hata ukipoteza, shaba ni yako. Ndiyo medali ya kwanza ya timu nzima. Watu walibebana. Mtu nisiyemjua alinibusu kwenye kipara. Halafu kwenye televisheni nikamwona Festo anamnyanyua binti juu, tracksuti haijakunjamana, na mtangazaji anasema, "Huyu ni binti aliyelelewa na kocha Festo, kocha makini kabisa huyu."

Aliyelelewa na nani? Nani? Nilisimama nikatoka nje. Miaka saba nafua bandeji za mtoto yule, leo amelelewa na mtu aliyekaa naye miezi mitatu. Watu wananifuata nje kunipa mkono, nami mkono nautoa, lakini nilichotaka kusikia ni jina langu kwenye televisheni. Nasema ukweli, nilililia jina hilo.

Kesho yake mchana nilikuwa uani nafua. Simu ikaita, namba ya nje.

"Kaka Rashidi, shwari? Ni Festo."

"Shwari. Hongereni."

"Hongera ni yako. Sikiliza, kaka. Binti anasema mkono wa kushoto haujakaa sawa. Anasema wewe ukimfunga kidole gumba kinatulia, mie nikimfunga anakisikia kinacheza. Nimemuuliza ulikuwa unafungaje, anasema hajawahi kutazama." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye wasiwasi. "Glovu za pambano ni nyembamba, ujue. Kesho tunapigana nusu fainali. Ulikuwa unafanyaje pale kwenye kidole?"

Niliisikia sauti yake. Alikuwa ananiomba. Kocha wa taifa, mwenye kozi mbili, ananiomba mie nikiwa nimechutama mbele ya beseni. Hicho ndicho nilichokuwa nimekingoja miezi mitatu. Lakini kilikuja kimechelewa, yeye ameshapigwa picha, mie niko Tandika, na kama ningemwambia, kesho mtoto angeshinda na mtangazaji angesema kocha makini. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kukamua kitambaa kimoja.

"Kawaida tu," nikasema.

"Hakuna kitu cha pekee?"

"Hakuna. Labda ana woga. Mtulize."

"Sawa kaka. Tuombeeni."

Nilikuwa na jioni nzima ya kumpigia tena. Nilikuwa na asubuhi. Niliingia dukani nikanunua vocha, nikakwangua, nikaweka. Nilifika mpaka kwenye jina lake, nikalitazama. Mke wangu akaniuliza nampigia nani, nikasema napiga kwa Mwinyi kuuliza saa ya pambano. Halafu nikaiweka simu mfukoni.

Raundi ya kwanza alishinda. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa mabegani kwa watu. Raundi ya pili, katikati, akampata yule mpinzani kwa kushoto, ile ya kuzunguka, safi kabisa, mwenzake akayumba. Watu wakaruka. Mie peke yangu niliona alichofanya baadaye: aliushusha ule mkono na kuutikisa mara moja. Tangu hapo hakuurusha tena. Raundi ya tatu yote alipigana kwa mkono mmoja, wa kushoto ukiwa umening'inia karibu na mbavu, na bado alisimama mpaka kengele. Majaji wakampa mwenzake.

Shaba. Banda lilishangilia vilevile, maana ndiyo medali pekee tuliyopata. Mwinyi akaiandika kwa herufi kubwa, hakufuta mwezi mzima. Na mie, nilipomwona Festo pembeni ya ulingo ameshika kichwa kwa mikono miwili, nilifurahi. Sikufurahi sana wala kwa muda mrefu, lakini nilifurahi. Halafu kamera ikamrudia Zawadi, na alikuwa anaitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anaitazama.

Nikatoka bila kuaga.

Uwanja wa ndege nilikwenda, nikasimama nyuma ya ngoma. Zawadi alinipita kwenye msafara, hakuniona. Lakini kesho yake alikuja Tandika kwa bodaboda, mkono wa kushoto una plasta mpaka kwenye kiwiko, na medali mfukoni. Akanivisha shingoni mbele ya ukumbi mzima.

"Mwalimu, yule hajui kufunga," akasema. Alikuwa analia kwa hasira. "Nilimwambia hakijakaa, nilimwambia! Ungekuwepo wewe ningeleta dhahabu."

"Ndiyo mwanangu," nikasema.

Basi. Neno hilo tu. Ningeweza kusema mengine, mdomo ulikuwa wangu.

Aliyasema hayohayo kwa waandishi wa habari, na redio zikapokea. Kamati ya timu ya taifa ikamwita Festo. Nilisikia kwamba aliandika barua moja fupi: kosa la kufunga mkono ni langu, sikuuliza vizuri. Hawakumtetea. Walimwondoa, na baada ya wiki tatu wakanipigia mie. Hicho ndicho cheo nilichosema nitakitaja. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapewa na tracksuti. Nimesafiri nacho kwenye michezo ya bara mara mbili, kama mnavyojua, na mara zote mbili tumerudi mikono mitupu.

Zawadi alifanyiwa upasuaji, kikashindikana kidole. Akajaribu mwaka mmoja, akaacha kupigana. Nikamfundisha kufunga mikono. Ni mwanafunzi mzuri kuliko nilivyokuwa mie kwa Mzee Kaombwe, na ndiye mnayemwita mkuu wa kambi leo.

Sasa siku ya kuniaga, mliokuwepo mnakumbuka, mlipika pilau, mkanipa saa ya ukutani. Zawadi akasimama kuongea. Alisema, "Huyu ndiye baba aliyenifunga mikono. Wengine walinivunja, yeye alinifunga." Mkapiga makofi. Mkaniona nainama mkadhani nalia kwa furaha. Lile pilau sikulimeza.

Kesho yake nikaenda Kimara. Festo ana duka la steshenari pale, nyuma ya kituo, anauza madaftari na kutoa fotokopi. Amekonda, nywele nyeupe, na fulana imefuliwa vizuri vilevile, sijui anaifulia nini. Akaniletea kiti na soda.

"Karibu kaka Rashidi. Hongera kwa kumaliza salama."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yakapotea. Nikasema tu, "Festo, ile siku uliyonipigia."

"Enhe."

"Nilikuwa najua. Ulitakiwa kupitisha nyuma ya kidole mara mbili, kabla ya kifundo. Nilijua na sikukwambia."

Alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine. Akazipanga mpaka zikamalizika.

"Nilijua unajua," akasema. "Siku ya kukabidhi nilisimama nyuma yako, nikaona mgongo tu. Nikasema, huyu kanificha kitu. Ndiyo maana nikakupigia. Nilidhani mtu akiulizwa wazi atasema."

"Mbona hukuwaambia kamati?"

"Waliniuliza. Waliniuliza kama niliwasiliana na mwalimu wake. Nikasema sikuwasiliana."

"Kwa nini, Festo?"

Mteja akaja akataka kalamu, akampa, akarudi. "Kidole kilikuwa kimeshavunjika, kaka. Kukutaja wewe kusingekiunga. Mie nilikuwa naye miezi mitatu, wewe ulikuwa naye miaka saba. Alikuwa kitandani anakuulizia wewe. Ningemwondolea na huyo, angebaki na nani?"

Nikamuuliza kama huwa wanaonana na Zawadi.

"Tulikutana hospitali fulani mwaka juzi, nampeleka mke wangu. Alinipita." Akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Haniamkii. Naelewa. Lakini usimwambie, kaka Rashidi. Amejenga maisha yake juu ya imani kwamba kuna mtu mmoja hakumwangusha. Tufe nalo."

Nilikunywa soda ile mpaka mwisho kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Mnadhani nilitoka pale nimepata nafuu? Aa wapi! Nilitoka na wivu mkali kuliko wote niliowahi kuwa nao. Kozi zake niliweza kuzichukia, tracksuti yake niliweza kuichukia. Hili la kukaa kimya miaka yote hiyo ananilindia mtoto wangu, nalichukiaje? Hata kwenye dhambi yangu mwenyewe alikuwa amenipita.

Zawadi, karatasi hizi zitapita mezani kwako kabla ya kumfikia mtu mwingine, najua, wewe ndiye unayesoma kila kitu kwanza. Festo ameniomba nisikwambie. Nimemkatalia, na usinisifu kwa hilo. Sikuandika kwa uungwana. Nimeandika kwa sababu siwezi kuvumilia awe mwema peke yake wakati jina zuri nimelivaa mie. Kidole chako nilikivunja mie, nikiwa uani kwangu, kwa maneno mawili, na nilikuwa najua ninachofanya. Dhahabu ile ungeipata.

Nenda Kimara, mwanangu, ukamwamkie. Kwangu usije kwanza.